Kochi na Mbao kwenye Barabara ya Ahero

Mzazi ambaye mtoto wake ameanza kuangalia baiskeli ya springi kwa macho ya mapenzi, na asikie kwanza haya ya Dorca wa Nyalenda, kabla hajamsaidia kufunga mzigo.

Dorca aliuza omena soko la Kibuye, na mwaka huo wa tisini na sita hakuna kitu kilichomnyima usingizi kama safari ya kijana wake Dishon. Dishon alikuwa mtu mzima, fundi wa rangi, na alitaka kutoka Kisumu kwa baiskeli, afuate ziwa mpaka Muhuru Bay karibu na Tanzania, alale popote giza litakapomkuta, kisha arudi.

"Muhuru kuna matanga?" Dorca alimwuliza.

"Hakuna, Mama."

"Kuna msichana?"

"Hakuna."

"Kuna mtu amekuita?"

"Hakuna aliyeniita. Nataka tu kuona ziwa linavyopinda kule."

"Linapinda! Na hili la hapa nyuma ya nyumba limekukosea nini, nyathina, mwanangu?"

Joram, kaka yake Dishon, alicheka mpaka chai ikampalia.

Baiskeli zenyewe zilikuwa mbili. Padre mmoja Mholanzi, akifunga virago kurudi kwao, alimwachia Dishon zote kwa sababu alikuwa amempakia rangi nyumba vizuri. Dishon achague moja ya safari, nyingine iwe ya Joram. Zote zilikuwa na tairi nene na springi mbele. Lakini moja ilikuwa na springi nyuma pia: gurudumu la nyuma lilishikwa na mkono wake wenyewe, unaocheza kama bawaba ya mlango, na chini ya kiti palikuwa na springi nene kama kifundo cha mkono. Ile nyingine, nyuma ilikuwa chuma kitupu, kimenyooka, hakichezi.

Dorca alitoka nje na mikono yake ya omena, akakibonyeza kiti cha ile ya springi mbili. Kikazama, kikainuka. Akabonyeza tena. Mara ya tatu alikuwa anatabasamu bila kujua. Akaikalia.

"Uwi! Hii si baiskeli, hii ni kochi!"

Akaenda kuikalia ya pili, akakunja uso. "Na hii ni mbao."

Kuanzia hapo zikaitwa hivyo, Kochi na Mbao.

Dishon alikuwa ameshachagua Kochi. "Mama, kutoka Homa Bay kwenda mbele ni mawe matupu. Mbao itanivunja mgongo."

"Na mzigo utakaa wapi?"

Hapo palikuwa na shida, maana kulikuwa na blanketi, turubai la kulalia, sufuria, unga na mtungi wa maji, na hakuna baiskeli hata moja iliyokuwa na karia ya kubebea mzigo. Wakazipeleka zote kwa Wasike, mchomeleaji wa jua kali pale Kibuye. Wasike alikuwa ametengeneza karia za kila baiskeli ya Black Mamba iliyobeba gunia mjini. Akazitengeneza hizi vilevile: miguu miwili inashuka mpaka karibu na ekseli ya nyuma, mikono miwili inakwenda mbele na kushikwa kwenye bomba la kiti. Akachomelea mpaka ikaiva.

"Hapo hata ng'ombe utabeba," alisema.

Hakuna aliyeuliza swali. Maisha yao yote walikuwa hawajaona baiskeli ambayo mgongo wake unacheza.

Sasa Dorca alikuwa na hila yake moyoni. Alitaka hiyo baiskeli imwaibishe Dishon mapema, karibu na nyumbani, ili safari ife yenyewe na asionekane ni yeye aliyeiua. Akasema, "Kabla hujabeba blanketi mpaka Muhuru, nibebe mimi mpaka Ahero. Nataka mchele."

Jumamosi asubuhi akaketi upande juu ya karia ya Kochi, leso imefungwa vizuri. Joram akafuata na Mbao. Vijana wa bodaboda wakapiga kelele: "Mama amepanda ndege! Mama, tuletee zawadi!"

Wakatoka mjini, na hawakuwa wamefika mbali Dorca alipoanza kushangaa.

"Dishon, springi zako ziko wapi?"

"Ziko, Mama."

"Ziko wapi? Mimi nahisi kokoto moja moja."

"Labda ni uzito."

"Uzito wa nani?"

Joram akaangalia mbali, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Dorca akainama kuchungulia chini ya kiti. Ile springi nene ilikuwa imetulia tuli. Baiskeli inaruka mashimo, lakini springi haisogei hata kidogo. Jambo hilo likamkaa kichwani. Siku ile nyumbani si aliibonyeza kwa kiganja tu? Leo mama mzima amekaa juu yake, na imegoma?

Ahero wakaiacha lami, wakashika njia ya udongo kando ya mfereji wa mashamba ya mpunga. Kwenye kalvati Kochi ikagonga, tak! Mkono mmoja wa karia ukakatika pale ulipochomelewa, na wa pili ukafuata. Papo hapo springi ikapata uhuru wake. Kiti kikazama, karia ikalala nyuma, na Dorca akajikuta kwenye tope jeusi la uwanda wa Kano, miguu juu.

"Mama! Umeumia?" Dishon aliitupa baiskeli.

Wanawake waliokuwa wakipanda mpunga wakanyoosha migongo. "Karibu, Mama! Umekuja kutusaidia kupanda?"

"Nimekuja na mbegu zangu!" Dorca aliwajibu, akijipapasa kiuno. Hakuna kilichovunjika. Na alichokitaka alikuwa amekipata. Neno moja tu, na Muhuru ingekwisha pale pale topeni.

Lakini ile springi bado ilimsumbua. Akachutama kando ya Kochi. Akavunja unyasi mkavu, akaukata utoshe kamili kutoka bomba la kiti mpaka ekseli, akaushikilia hapo.

"Joram, kalia."

Joram alipokalia, unyasi ukapinda, ukavunjika.

"Leta Mbao. Kalia."

Unyasi wa pili haukupinda hata kidogo.

"Mmeona?" Dorca alisema polepole, kama mtu anayejielezea mwenyewe. "Hapa kwa Kochi panapungua mtu akikaa. Lazima papungue, ndiyo ulaini wenyewe. Na nyinyi mkapaweka chuma. Chuma kikaizuia springi, springi ikasukuma chuma, mpaka mmoja akashindwa."

Dishon akakuna kichwa. "Basi tutaifunga karia kwa juu peke yake, isiguse chini."

"Na mzigo wote uning'inie hewani mpaka Muhuru? Haya, labda utashika. Na hii bawaba ikijaa tope kama hili? Springi ikifa huko Karungu, duka gani linayo?"

"Hakuna."

"Spoki za Mbao?"

"Kila kituo."

"Basi. Mbao itakuumiza matako, na matako hupona."

Dishon akamtazama. "Mama, unanichagulia ya kwenda nayo?"

Dorca akashtushwa na maneno yake mwenyewe. "Naongea mambo ya baiskeli tu," alisema, akifuta tope.

Kwa hivyo, wewe mzazi, usiulize tu kama baiskeli ni laini. Uliza mzigo utakaa wapi, na kama mahali pale panacheza au hapachezi. Laini ni nzuri kwa anayetembea mikono mitupu. Anayehama na nyumba yake mgongoni anahitaji kitu kinachotulia, na ambacho fundi wa kijijini anakijua. Na apakie uzito wa kweli, ajaribu karibu na kwao, aangukie mahali ambapo kuna watu wa kumcheka.

Wakanunua mchele. Joram akapanda Kochi bila mzigo, karia iliyovunjika ameifunga kwa mpira wa blada mgongoni kama mtoto, akawa anabembea mbele yao kwa raha zake. Dorca akakaa nyuma ya Dishon juu ya Mbao, gunia limekunjwa chini yake, mchele mapajani. Kila shimo lilimpata.

"Mama, uko?"

"Niko. Endesha."

Wakaenda. Karia haikulia hata mara moja.

"Huko Sindo njiani," Dorca alisema baadaye, "kuna mtu wetu wa kukulaza?"

"Hakuna."

Wakapita lori lililoharibika kando ya barabara.

"Kuna Elsie. Tulisoma naye, akaolewa upande huo. Utaulizia."

Dishon aliacha kukanyaga pedeli. "Sasa naenda?"

"Angalia barabara," Dorca alisema. "Kuna shimo."