Mita Ishirini za Waya wa Bweni

Makundi yote matano yalileta jibu moja la ukinzani mahususi wa waya, yaani jinsi metali yake inavyozuia umeme: mbili nukta saba. Wa shaba ni moja nukta saba, kila kitabu kinasema hivyo. Nikaja juu.

"Mmepima kipenyo pamoja na plastiki!"

"Mwalimu, plastiki tuliichuna," wasichana wakajibu.

Waya wenyewe ulikuwa mabaki ya bweni lao. Kaka yangu, fundi umeme, alilitandazia nyaya mwezi uliopita, na mimi ndiye niliyempigia debe kwa mkuu wa shule. Bunda lililobaki alinipa la mazoezi.

Darasa lilipotoka nilipima mwenyewe. Urefu mita ishirini, mkondo ampia mbili, volti sifuri nukta nne tatu. Mikromita ikasoma kipenyo milimita moja nukta saba nane. Nikapiga hesabu mara tatu nikiomba niwe nimekosea, mimi ninayewacheka watoto wakikosea. Mbili nukta saba. Nikakwangua waya kwa wembe. Wekundu ukabanduka kama ganda la karanga, ndani ni weupe mtupu. Alumini iliyopakwa shaba! Ukiibebesha mzigo wa umeme unaofaa shaba inapata moto, na bwenini kuna pasi nne na wasichana sitini.

Nilimkuta kaka karakanani kwake.

"Kaka, ule waya si shaba."

"Nani kasema?"

"Hesabu."

Akacheka. "Wewe na hesabu zako! Bunda limeandikwa shaba, mdogo wangu. Mimi nina mikromita machoni? Dukani wamenipiga changa la macho, basi."

Nikashusha pumzi. Nilitaka sana kumwamini. Ndiye aliyenifundisha kushika koleo kabla sijajua kusoma.

"Basi twende upesi kwa mama tukazime umeme," nikasema. "Ulimtandazia wiki ile ile ya bweni."

"Kwa mama hakuna shida, kule niliweka..."

Akaanza kutafuta mezani bisibisi iliyokuwa mkononi mwake.

"Usiniaibishe," akasema mwishowe, bila kuniangalia. "Damu ni nzito kuliko maji."

Nililia njia nzima. Nilipofika shuleni nilizima swichi kuu ya bweni, kisha nikabisha mlango wa mkuu wa shule kabla moyo haujanibadilika.