Tiga wa Alasiri ya Mwisho

Tangu jana Nyaradzo alikuwa akimpoteza samaki yuleyule. Kila alipofumba macho alimwona tiga mkubwa, samaki mkali wa ziwani, akiruka juu ya ziwa la Kariba, meno nje, akitikisa kichwa mpaka ndoana ikachomoka katika taya lake gumu. Alikuwa amemvuta kwa pupa. Leo mashindano ya uvuvi yanakwisha, na botini mwake hamkuwa na samaki wa maana.

Boti ya Mudenge, bingwa wa mwaka jana, ikapita karibu.

"Mama Farai!" Mudenge akamwita Nyaradzo. "Jana ulimuaga tiga wako vizuri, leo utampa na nauli?"

Wenzake wakaangua kicheko.

"Usimjibu, shemeji," alisema Garikai, mdogo wa mumewe, aliyeshika usukani. "Anataka kukuingia kichwani."

"Kashaingia. Kapanga na chumba."

Akatupa chambo kando ya miti mikavu iliyozama. Kimya. Akatupa tena, na tena, jua likimchoma shingoni. Kwa mbali watu wa Mudenge wakapiga mayowe, wamepata. Garikai akaigusa injini.

"Tuwafuate?"

Moyo wa Nyaradzo ulikwisha kwenda huko. "Hapana. Tukihama tutakuwa tunamvua Mudenge, si samaki."

Alasiri ikayoyoma. Honi ya kumaliza ilikuwa karibu kulia pale mshipi ulipovutwa ghafla na fimbo ya kuvulia ikapinda. Tiga akakimbilia kwenye miti.

"Vuta, shemeji! Honi ikilia yuko majini, hahesabiwi!"

"Nyamaza, Garikai!"

Mikono ilitaka kuvuta, aliikataza. Samaki alipokimbia, alimwachia mshipi. Aliporuka, Nyaradzo alishusha ncha ya fimbo. Ndoana ikashika. "Taratibu, mzee," alinong'ona, kama anayembembeleza mtoto aliyegoma kula sadza, ugali wa kwao. "Hakuna anayekufukuza."

Uongo mtupu. Wote wawili walikuwa wanafukuzwa na honi.

Garikai akainama na wavu, akakosa, akalaani, akarudia. Tiga akaanguka sakafuni akijipigapiga. Honi ikalia ng'ambo ya maji.

Ufukweni, mizani iliwapa nafasi ya pili. Kombe alilichukua Mudenge, kisha akaja kumpa Nyaradzo mkono.

"Nilikuwa nakutazama, Mama Farai. Mimi ningevuta, ningempoteza."

Nyaradzo aliupokea mkono wake. Akajikalia mchangani palepale, akaomba maji ya kunywa.