Besi au Beseni

Njia nzima Fundi Vioo alikuwa akimsihi shangazi yake jambo moja tu.

"Shangazi, tafadhali. Tukifika, habari za bendi tusizitaje."

"Bendi gani?" shangazi akauliza, kama vile hajui.

"Hiyo hiyo."

"Mimi ni mtu mzima, baba. Nimekuja kuposa, sikuja kucheza." Akaurekebisha mkoba wake begani, akapiga hatua mbele kwa madaha, na Fundi akabaki nyuma akiomba dua kimoyomoyo.

Basi, kabla hamjamcheka, mjue huyu shangazi ni nani. Ndiye aliyemlea Fundi tangu mama yake alipofariki, akamsomesha, akampeleka kwa mkata vioo ajifunze kazi. Ndiye peke yake aliyebaki wa kusimama mbele ya wakwe na kusema, "Huyu ni wetu." Alikuwa muuza vitambaa, ulimi mwepesi, roho safi. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: Radi Kavu, bendi ya roki iliyovuma alipokuwa msichana. Ukimgusa hapo, siku yako imekwisha.

Na bahati nayo haina adabu, kwani baba wa mchumba alikuwa na ugonjwa ule ule. Majirani walimwita Mzee Spika kwa sababu ya masanduku mawili ya spika yaliyosimama sebuleni kwake, kila moja likimfika mtu kifuani. Spika hizo ndizo zilizopasua kioo cha kabati la vyombo, na kioo hicho ndicho kilichomleta binti yake dukani kwa Fundi. Binti alikaa kwenye stuli akamtazama Fundi anavyokiburuza kisu cha kukatia kando ya rula, kriii, halafu kimya, halafu tak, kioo kimekatika. Kazi ilipokwisha akauliza kama anaweza kukaa kidogo. Kesho yake akarudi, na safari hii hakuwa na kioo cha kukatwa. Yaliyofuata si lazima niwasimulie, akili mnazo.

Mtauliza: sasa Fundi aliogopa nini? Wagonjwa wawili wa ugonjwa mmoja si wangepatana? Lo! Hamwajui watu hawa. Mpenzi wa Radi Kavu hagombani na asiyeipenda; huyo anamhurumia tu. Ugomvi wake anauweka akiba kwa mpenzi mwenzake.

Walipokelewa vizuri. Mama Mkwe alileta maji ya matunda na biskuti, wakaulizana hali, wakaulizana hali tena. Binti alikuwa jikoni, mlango wazi kidogo, na kwenye ule uwazi lilionekana jicho moja. Shangazi akakohoa, akakunja mikono mapajani, akaanza vizuri mno hata Fundi akaona fahari.

"Ndugu zetu, tumekuja hapa kwa heshima na taadhima. Kijana wetu huyu ameona, amependa, na sisi tumeridhia. Kwa hiyo tunaomba..."

Macho yake yalikuwa yamepanda ukutani, kwenye picha kubwa iliyowekwa fremu.

"Tunaomba..." akarudia. Halafu, bila kumtazama mtu: "Hilo si onyesho la ukumbi wa shule ya ufundi? Lile la kwanza kabisa?"

Fundi akafumba macho.

Mzee Spika aliweka glasi yake chini polepole. "Umeutambua ule ukumbi?"

"Nisiutambue! Si nilikuwemo?"

"Hata mimi nilikuwemo!"

Weee! Mzee aliruka kitini kama kijana. Wakasimama wote wawili mbele ya picha, vidole juu, na posa ikabaki mezani pamoja na biskuti. Walizungumza juu ya lile gitaa la kwanza la mpiga solo, alilolichonga mwenyewe kwa ubao wa mlango wa kabati, hata bawaba moja ikawa bado imening'inia. Walizungumza juu ya ngoma za makopo ya rangi, na namna mpiga ngoma alivyotoka kila onyesho na madoa ya kijani kwenye suruali. Mzee alikumbusha siku mwimbaji alipoanguka kutoka jukwaani akaendelea kuimba akiwa chini, watu wakidhani ni madoido. Shangazi alikumbusha siku umeme ulipokatika katikati ya wimbo na ukumbi mzima ukaumalizia kwa midomo, magitaa yote wakayaimba, tii-riri-tii, mpaka taa zikarudi.

"Nililia," Mzee akasema.

"Nani hakulia?" shangazi akasema.

Fundi akafumbua macho. Alianza kuona kwamba alihangaika bure, posa inajipika yenyewe. Alichukua hata biskuti.

"Na lile gitaa lao la besi!" Mzee akaendelea kwa furaha. "Jekundu, jipya, linang'aa. Hapa halionekani kwa sababu mpigaji kafichwa na nguzo, umetokeza mguu tu."

Shangazi akageuka. "Besi gani?"

"Ya kwao. Siku ile ya kwanza."

"Kaka yangu, siku ile hapakuwa na besi. Palikuwa na beseni."

"Bese... nini?"

"Beseni. La bati, la kufulia. Limepinduliwa, mpini wa ufagio umesimamishwa juu yake, waya mmoja. Dum, dum, dum. Hata mtoto mdogo anajua."

"Mama," Mzee akasema, na sauti yake ilikuwa imepoa, "ile ilikuwa bendi. Haikuwa kikundi cha madobi."

Makubwa haya! Fundi alibaki na nusu ya biskuti mdomoni, haimezeki, haitemeki. Shangazi alisema mtu aliyekaa nyuma asiwafundishe waliokaa mbele. Mzee alisema wapo watu wanaotazama onyesho huku wamefumba macho. Mama Mkwe alisema, "Jamani, wageni," lakini alisema kama mtu anayejua kuwa hakuna atakayemsikia. Kisha Mzee akafungua kabati lenye kioo kipya, akatoa kaseti iliyofungwa kwenye kitambaa.

"Hii ilirekodiwa siku ile ile. Mtangazaji anawataja wapigaji mmoja mmoja. Tusikilize, tuone nani mwongo."

Akaitia kwenye mtambo wa kaseti, spika zikakoroma. Ikasikika sauti ya mbali ya mtangazaji: kwenye solo fulani, kwenye ngoma fulani, "na kwenye bes...", na hapo hapo watu wakalipuka kwa shangwe, waaaa, neno likamezwa.

"Besi!" akasema Mzee.

"Beseni!" akasema shangazi.

Wakairudisha nyuma. Na kwenye bes, waaaa. Wakairudisha tena. Na kwenye bes, waaaa. Vikombe vilitetemeka kabatini. Kila mmoja alisikia kile alichokuwa nacho kichwani tangu mwanzo, na kila mara waliposikia, walizidi kuwa na uhakika.

"Basi tumuulize mtu asiye na upande," Mzee akasema, akauzima mtambo. "Wewe kijana. Kazi yako ni ya masikio, binti yangu ameniambia unasikiliza kioo kinapokatika. Umesikia nini?"

Wahenga walisema fahali wawili wakipigana, ziumiazo nyasi. Fundi alijiona nyasi kabisa. Akisema besi, amemwaibisha mama aliyemlea, mbele za watu, siku mama huyo aliyokuja kumposea kwa hisani yake. Akisema beseni, mke hana. Alimtazama shangazi, shangazi alikuwa amekaza macho. Akatazama mlango wa jikoni; lile jicho moja lilikuwa limekuwa mawili.

"Mimi, baba... kusema kweli, nimesikia kelele tu."

"Kelele za watu. Ndiyo. Na kabla ya hapo?"

"Na kabla ya hapo pia," akasema Fundi. "Zote ni kelele, baba. Nisamehe. Mimi hii bendi sijawahi kuipenda."

Mkoba ukamteleza shangazi begani.

"Mwanangu," shangazi akasema kwa sauti ndogo, "miaka yote hiyo nilipokuwa nakuwekea nyimbo zao wakati wa kula?"

"Nilikuwa natia pamba masikioni, shangazi."

"Pamba! Ile ya dukani kwangu?"

"Ile ile."

Shangazi akaketi. Mzee naye akaketi, karibu naye kabisa, kama watu wawili waliofiwa. Ule ugomvi wao ulikuwa umeyeyuka, hakuna aliyeukumbuka; sasa walikuwa kitu kimoja, na Fundi alikuwa upande wa pili.

"Kijana," Mzee akasema, "sina kinyongo nawe. Unaonekana mtu mwema. Lakini binti yangu huyu, tangu anatambaa, kila Jumapili anakaa hapa pembeni yangu, tunasikiliza pamoja. Upande wa kwanza, upande wa pili. Hajakosa hata akiwa na homa. Sasa nimpeleke kwenye nyumba yenye pamba? Ataishije? Hapana. Hapana, mama, mnisamehe. Siwezi."

Fundi alishika mikono ya kiti ainuke, kwa maana mtu akishaambiwa hapana, kukaa ni kujidhalilisha.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Binti akatoka na taulo la vyombo mkononi, akasimama katikati ya spika mbili.

"Baba, hata mimi siipendi."

"Huipendi nini?"

"Radi Kavu. Sijawahi kuipenda. Ikianza tu, kichwa kinaniuma."

Mama Mkwe aliinamisha uso, na Fundi akaona kwamba mama alikuwa akilijua jambo hili zamani. Mzee aliutazama mtambo wake, akaitazama picha, akamtazama binti yake kama aliyeamshwa usingizini. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

"Sasa miaka yote hiyo," akauliza, "ulikuwa unakaa hapa kwa nini?"

"Nilikuwa nakaa na wewe, baba."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akaivua tena. Shangazi, ambaye hajawahi kushindwa kuongea tangu azaliwe, alikuwa akitafuta leso mkobani na hapati. Binti akampa baba yake lile taulo la vyombo. Akajifuta nalo, akacheka kidogo, akajifuta tena.

"Na huko kwake," akasema hatimaye, akimwonyesha Fundi kwa kidevu bila kumtazama, "ndiko ulikoona kumetulia."

"Ndiyo, baba."

"Haya. Nimekubali. Mama, umesikia? Nimekubali, usije ukasema sikusema."

Shangazi aliruka akamkumbatia Mama Mkwe, kisha binti, kisha akamvuta Fundi sikio kwa ajili ya pamba, akambusu papo hapo. Biskuti ziliisha. Ziliongelewa siku, yakaongelewa magauni, na shangazi aliahidi kitambaa ambacho, alisema, hakijawahi kuvaliwa na mtu. Mtambo ulikaa umezimwa mpaka wageni walipoinuka.

Mzee aliwasindikiza hadi mlangoni. Akampa Fundi mkono, akaushika, na hakuuachia.

"Jumapili utamleta," akasema.

"Nitamleta, baba."

"Si lazima tupige kitu. Tutakaa tu."

"Tutakaa, baba."

Mzee akatikisa kichwa kukubali, mkono bado kaushika. "Mje mapema," akasema.