Sauti ya Mama Mkwe Kooni

...na kijiko bado kiko hewani, kati ya bakuli na mdomo wa baba mkwe uliofungwa kama ofisi siku ya sikukuu, uji unaota ngozi juu, na mzee anauliza tena, "Yuko wapi?", anamuulizia mkewe, ambaye walimzika wote, mzee mwenyewe alitupa udongo, ila kichwa chake kimefuta kaburi kikabakiza mke, na hali chochote mpaka mke amwambie ale, tangu juzi, mbavu zimeanza kuonekana... "Kidogo tu, baba," mkamwana anambembeleza, na mzee anamtazama kwa adabu ya mtu aliyekaribishwa nyumba isiyo yake, "Ahsante, binti, namsubiri mwenyewe," na hapo kooni, Bwana wangu, imeanza tena, kile kikohozi kidogo cha marehemu cha kufungulia maneno, na ile s iliyopiga mluzi kwenye pengo la meno, inapanda yenyewe, imeze, irudishe chini, umeokoka wewe... maana usimwone amepiga goti hapa na kitambaa kichwani, huyu ndiye Kasuku, kiwanda kizima cha kushona sare kilimjua, alikuwa akimwigiza mtu mpaka mbwa wa mtu huyo anatikisa mkia, siku moja alimwigiza msimamizi nyuma ya mlango na mashine zote zikazima kwa woga, msimamizi mwenyewe, wanasema, akasimama wima, ila kipande chake cha kwanza, kile walichokililia kila mapumziko, "tupe mkweo, Kasuku, tupe mkweo," kilikuwa hiki hiki, kikohozi, mluzi, mguu unaoburuzwa, "Ssasa wewe, ssufuria hii ndiyo umessugua?", wanawake wanashikana mbavu, na siku ile kicheko kikakatika ghafla, akageuka, mama mkwe yupo mlangoni, ameshika miwani ambayo yeye Kasuku aliisahau nyumbani, amekuja nayo kwa mguu ule ule, akaiweka juu ya mashine taratibu, akaondoka, na tangu siku hiyo mpaka anazikwa hakutamka tena mbele yake neno lenye s kama aliweza kulikwepa, nani mwingine aliligundua hilo, hakuna, yeye tu, mwenye sikio... "Wifi, amekula?" wifi yake anapiga kelele kutoka jikoni, "Bado," "Si umfanyie mama! Ulikuwa unamuweza wewe," "Sifanyi hayo tena, nimeokoka," sufuria inagongwa, halafu, "Haya, umeokoka wewe, baba yangu anakufa njaa"... ulimi wa wifi nao, huyo naye angetakaswa kidogo... lakini yeye aliapa, mbele ya darasa zima la utakaso kanisani, mwalimu aliwaambia kila mmoja ataje kile kinachomtia doa, wengine walitaja pombe, wengine wivu, yeye akasimama, kinywa changu, akasema, kuanzia leo kinywa changu ni cha Bwana, wakapiga makofi, na ni kweli hajamwigiza mtu tena, hata mtoto akimwomba amfanyie paka anakataa, akajiona anang'aa, ila marehemu hakuondoka, anapokaa kusali ndiye anayekohoa wa kwanza, humu, ndani ya shingo, akimkemea anakohoa, akifunga saumu anakohoa... "Yuko wapi?" mzee anauliza, na safari hii mdomo unatetemeka, na yeye anawaza, ulisema kinywa ni cha Bwana, kisha ukakifunga na ufunguo ukakaa nao wewe, sasa Bwana akikihitaji abishe hodi wapi... haya, tuseme unamfanyia, unamfanyia yupi, yule wa sufuria, huyo, mzee atamjua lakini hatakula, hakuna mtu anayekula kwa kugombezwa, tafuta mwingine, na anatafuta, anapekua, anaona aibu kugundua kwamba miaka yote ile sikio lake lilichukua mluzi tu na mguu tu, kama mwizi aingiaye nyumba nzuri akatoka na ufagio... hapana, ngoja, kuna siku moja, mzee aliachishwa kazi akarudi akakaa kitandani na viatu vyake, yeye Kasuku alikuwa upande wa pili wa ukuta anakunja nguo, akasikia, akapuuza kwa kuwa hapakuwa na cha kuchekesha, mama mkwe akisema chini chini, kikohozi kilikuwepo, mluzi ulikuwepo, ila ulikuwa laini, kama mtu anayepuliza kidonda cha mtoto, "Kula kwanza, bwana wangu. Aibu si yako, ni yao"... hivyo hasa, na pumzi kidogo kabla ya lile neno "kula", na mkono lazima ulikuwa begani, uliwezaje kusikia mkono kupitia ukutani, uliusikia... na magoti yanamuuma, na uji umepoa, na mzee amekodolea mlango, hakuna kilichosogea humu chumbani, ila kwa mara ya kwanza tangu mazishi haombi sauti iondoke, anaogopa kweli kweli, jasho linamtoka chini ya kitambaa, anaogopa na anaomba, mama, usiende, kaa kidogo hapa shingoni, nisaidie kulitamka vizuri neno lako hilo.