Mzigo Uko Hewani

Dereva wa kreni ana macho mawili, lakini muda mwingi hayamfai kitu. Yeye yuko juu kibandani, mzigo uko nyuma ya ukuta, na macho anayoyategemea ni ya mtu aliye chini, mwenye redio mkononi. Mtu wa chini nilikuwa mimi. Wa juu alikuwa shemeji yangu, mume wa marehemu dada, tuliyemwita Twiga kwa sababu ya shingo yake na kwa kuishi kwake angani. Nusu ya majengo marefu ya mji huu tumeyajenga sisi, na nusu nyingine ningesema tumeyajenga pia, ila waliojenga bado wako hai.

Lugha ya kazi tulifundishwa na mhandisi mmoja mgeni. Kiingereza chake kilikuwa cha vijineno vidogo vinavyotembea viwili viwili kama askari wa doria. Hakusema “up” akanyamaza. Alisema “up off”: inua, mzigo uachane na pale ulipokaa. “Down onto”: shusha, lakini kuna kitu chini kinaupokea, kwa hiyo taratibu. Neno la kwanza lilimwambia Twiga ashike mpini upi. La pili lilimwambia mzigo unaagana na nini, au unakwenda kukutana na nini. Na mhandisi hakuyaacha kazini maneno hayo. Akienda kula alikuwa “off out to” mahali fulani, akirudi alikuwa “back in from” huko huko, na siku za kwanza tuliruka pembeni tukidhani kuna boriti inakuja.

Kiingereza zaidi ya hicho hatukuwa nacho. Nikiulizwa jina langu kwa lugha hiyo natokwa jasho hadi leo. Lakini kwa vijineno hivyo nilimwongoza Twiga akatua tangi la maji juu ya paa, kwenye ukungu mzito, pembeni ya njiwa aliyelalia mayai, na njiwa hakuamka. Anayebisha akamtafute njiwa.

Tukastaafu. Kisukari kikamla Twiga macho yote mawili. Alikuwa akiishi ghorofa ya tatu na binti yake, fundi cherehani aliyeshonea nyumbani. Ngazi za jengo lile ni nyembamba, za zege, na reli moja ya chuma inapanda kutoka chini hadi mlangoni kwao. Nje, mbele ya kinyozi, kuna benchi wanapokaa wazee wa saiti, wajenzi wenzetu wa zamani. Benchi hilo ndilo lililombakia Twiga katika dunia nzima, na kila alasiri nilisimama chini ya ngazi nikamshusha kwa sauti.

“Down off,” nasema, na mguu unaachana na ngazi. “Down onto,” na unaipata inayofuata. “Round past,” anaizunguka ndoo ya jirani. “Out into,” na jua linampiga usoni.

Sikumgusa hata siku moja. Mzigo ulio hewani haushikwi. Ningemshika mkono angenitukana, na kwa kuwa mama yangu ni mama mkwe wake, angepata taabu kutafuta tusi.

Kisha koo langu likaanza kukwaruza. Daktari akaliangalia, akaangalia dirishani, akasema kisanduku cha sauti lazima kitolewe chote.

“Mjomba,” binti akaniambia, “ukishafanyiwa upasuaji, baba hashuki tena. Siwezi kushona huku roho yangu iko kwenye ngazi.”

“Atakufia humo ndani. Wewe jifunze.”

“Haya, nifundishe.”

Tukamsimamisha Twiga juu, binti akasimama chini, utepe wa kupimia ukining’inia shingoni mwake.

“Down, baba.”

Twiga hakuinua mguu.

“Down, baba! Down!”

“Down ya wapi?”

“Chini, baba. Chini ni chini.”

“Chini ya kuacha au chini ya kukuta?”

“Jamani, si ngazi hii!”

“Ngazi naijua kabla hujazaliwa. Mzigo haushushwi kwa neno nusu.”

Tulicheka wote watatu. Kwa siku kadhaa binti alijitahidi, na maneno aliyashika yote, mawili mawili, bila kukosea. Lakini kila alipoyasema Twiga alibaki ameganda, vidole vimekazana kwenye reli.

“Amesema sawasawa, shemeji,” nikamwambia. “Unangoja nini tena?”

“Amesema sawa. Ila anaogopa. Mwanangu, sauti yako inaniomba ruhusa, na mimi sioni nikupe ruhusa ya nini.”

Binti akapanda ndani, na cherehani ikalia kwa kasi mpaka jioni.

Siku moja kabla ya kulazwa, nilimshusha kwa mara ya mwisho. Tulipofika katikati, sauti yangu ikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Midomo inacheza, unatoka upepo mtupu. Twiga alikuwa ameinua mguu, anangoja neno la pili.

Binti, aliyekuwa akichungulia kutoka juu, akashindwa kuvumilia. “Weka tu, baba! Weka mguu!”

Sasa, saitini kuna sheria isiyo na msamaha: dereva akisikia sauti mbili, anaachia mashine na kuinua mikono yote miwili juu, kila mtu aone hajashika kitu. Twiga aliitii sheria hiyo miaka yote kule angani. Akaitii na pale. Akaachia reli, akainua mikono.

Alianguka kwa ubavu, akateleza hadi kwenye kona ya ngazi, kichwa kikagonga ukuta.

“Nani kaingilia?” akauliza akiwa chini.

“Ni mimi, baba,” binti akalia, akikimbilia. “Unatoka damu! Twende ndani.”

“Usinishike. Mtu wa chini yupo?”

Sikuwa na sauti ya kumjibu. Nikavua pete, nikagonga reli mara moja. Ko.

Akainuka kwa kuishikilia reli. “Mzigo uko hewani,” akasema. “Hauachwi hewani.” Kisha maneno akaanza kuyasema mwenyewe, na mimi nikawa mjibuji.

“Down off?”

Ko.

“Down onto?”

Ko.

“Round past?”

Ko ko. Hapana, jirani alishaiondoa ndoo yake.

Hivyo hivyo tukafika. Akakaa kwenye benchi, damu imekauka kolani. Binti akakaa pembeni yake.

“Umeridhika?”

“Nimefika.”

“Basi ndiyo mwisho, baba.”

Nilingoja abishe. Twiga alibishana na wahandisi, na upepo, na dada yangu. Safari hii alipapasa ubao wa benchi kwa kiganja, taratibu, mpaka ukingoni.

“Ndiyo mwisho,” akasema.

Kinyozi akambeba mgongoni kumrudisha juu, Twiga kashikwa mapaja, kashikwa kiuno, kashikwa kila mahali, kama gunia.

Nimerudi kutoka hospitali na tundu shingoni. Mlango wa juu unafungwa kwa ufunguo, na ufunguo unakaa shingoni mwa binti pamoja na utepe. Simlaumu. Aliona baba yake akianguka kwa sauti yake mwenyewe.

Alasiri nasimama pale pale chini na kugonga reli. Huko juu binti humfungulia, akamwekea kiti mlangoni, akasimama nyuma yake.

“Up off?” sauti inashuka.

Ko.

“Over to?” Mzigo unavuka kwenda upande wa pili.

Ko.

Tunapandisha mizigo isiyokuwepo. Tumeshajenga jengo refu kuliko yote mjini, na halijamwangukia mtu.

Jana alianza vizuri. “Up off.” Nikagonga. “Out from,” mzigo utoke ulipokuwa. Nikagonga. Kisha akasema, “Down,” akaishia hapo.

Nikangoja neno la pili, pete iko juu ya reli. Watu walinipita na mifuko yao ya sokoni. Neno halikuja; nilisikia kiti kikiburutwa kurudi ndani, halafu ufunguo ukifunga mlango.

Mzigo bado uko hewani.