Kesi ya Mama Mmoja

Kosa lilikuwa langu, na nalisema mapema ili asije mtu akanihurumia bure.

Mimi ni katibu wa mbunge wa upinzani. Kazi yenyewe haina utukufu. Ofisi yetu ya jimbo ni chumba kimoja juu ya duka la vipuri vya baiskeli, na ngazi zake ziliwahi kumshinda mzee wa magongo mpaka mheshimiwa mwenyewe akashuka kumsikiliza mlangoni. Kila Ijumaa watu huja. Hakuna anayekuja kuuliza sera; wanakuja na shida zao, nami naandika kila shida nusu ukurasa, bila jina la mtu. Nikishakwenda kuhakikisha, naandika chini kabisa: "Nimeona kwa macho."

Maneno hayo matatu ndiyo mkataba kati yangu na mbunge wangu. Watu humwita Kiberiti, maana ni mwanamke wa umbo dogo na hahitaji kukwaruzwa mara mbili. Chama chetu kina viti kumi na kimoja tu, kwa hiyo hawezi kukosea hata nukta. Karatasi isiyo na maneno yale haigusi. Iliyo nayo haulizi tena, anasimama nayo Bungeni kama vile alikwenda mwenyewe. Kwa miaka sita sikuwahi kumwangusha, na nakiri kichwa kilikuwa kimeanza kuvimba.

Mwezi uliopita, Kiberiti akiandaa hoja ya kuwarudishia posho walezi wanaotujia Ijumaa, niliandika hivi. Mama mmoja, mfanya usafi hospitalini, ana kijana wa miaka ishirini na minne mwenye kifafa na akili ya mtoto mdogo. Zamani alipata posho ya walezi, akamlipa jirani akae na kijana. Kisha ikaja fomu mpya inayotaka muhuri wa daktari maalumu kila mwaka, na daktari huyo amehamishwa, wala hajaletwa mwingine. Posho ikakatika. Tangu hapo, kila asubuhi mama humfungia mwanawe ndani kwa kufuli, akaenda kazini, akarudi saa kumi. Nimeona kwa macho.

Na kweli nilikuwa nimeona. Mama huyo ni dada yangu, tumbo moja. Nilipita kwake siku moja saa nne asubuhi bila taarifa, nikakuta kufuli, na mpwa wangu akaniita "Mjomba!" kupitia nondo za dirisha, kwa furaha, akidhani nimekuja kucheza. Nililia pale nje, mtu mzima na mvi zangu. Dada sikumwambia kwamba nimejua. Kiberiti sikumwambia kwamba ni dada yangu. Niliandika tu, nikajipongeza kwa kuwasaidia wote wawili.

Siku ya maswali nilikaa kwenye viti vya maofisa, juu ya ukumbi. Waziri wa ustawi wa jamii alikuwa amemaliza kusema kwamba walezi wote nchini wanahudumiwa. Kiberiti akasimama na swali la nyongeza.

"Mheshimiwa Spika, katika jimbo langu yuko mama anayemfungia mwanawe mgonjwa kwa kufuli ili akafute sakafu za hospitali ya serikali hiihii. Naomba waziri atuambie, na huyo anahudumiwa?"

Hata wale wanaosinziaga baada ya chai waliinua vichwa. Nami, Mungu anisamehe, nilijiona bonge la mtu.

Waziri alisimama taratibu. Ni mtu wa sauti laini, bingwa wa kupaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa. "Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Spika. Wizara yangu haina taarifa hiyo. Kumfungia mgonjwa ndani ni kosa la jinai. Kama mama huyo yupo, atajwe, sheria ichukue mkondo wake. Kama hayupo, basi mheshimiwa ametia chumvi, na afute kauli."

Spika hakufikiri sana. "Mheshimiwa, kesho saa tatu asubuhi ulete uthibitisho, jina na anwani, au ufute kauli. Usipofanya hivyo utakuwa nje vikao kumi na tano, na hoja yako ya posho itatoka na wewe."

Upande wa pili wakapiga meza. Mimi nikashuka kumfuata Kiberiti.

Chama chetu kimepewa chumba karibu na stoo ya karatasi. Kiberiti alifunga mlango. "Niambie ni nani. Silitaji jina mpaka mwenyewe akubali, ila lazima nijue tunaongea na nani."

Nikamwambia. Nilisubiri awake, nilitamani awake. Hakuwaka. Alivua miwani akaipangusa kwa ncha ya mtandio, muda mrefu.

"Ungeniambia ni dada yako, ningekwenda kupiga hodi mwenyewe," akasema.

"Nilijua angekataa, mheshimiwa."

"Ndiyo maana hukumuuliza."

Akavaa tena miwani.

"Nenda leo," akasema. "Akikubali, mwanasheria wetu atasimama naye tangu dakika ya kwanza. Akikataa, nitaifuta kauli. Simpeleki mama wa watu polisi kwa ajili ya mdomo wangu."

Nilifika kwa dada jioni, jua bado lipo. Alikuwa anapiga pasi sare yake ya kazi juu ya meza ya kulia. Mpwa wangu alikuwa sakafuni, akipanga vizibo vya chupa kwa mstari kutoka mlangoni mpaka kabatini, vyekundu peke yake na vya bluu peke yake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Leo umepotea njia?"

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, maana hakuniambia nikae. Alisikiliza huku anaipiga pasi kola ileile. Nilipofika kwenye dirisha na nondo, akaiweka pasi pembeni.

"Kwa hiyo ulikuja, ukachungulia, ukaenda zako kuandika."

"Dada, nilitaka kukusaidia."

"Ungetaka kunisaidia ungenisubiri nirudi! Nami ningekuambia kwa kinywa changu. Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema hawakukosea. Umeenda kumwaga mtama penye kuku wengi, mdogo wangu, tena kuku wenye suti."

Mpwa wangu aliinua kichwa aliposikia sauti imepanda. Dada akashusha sauti palepale, akamtabasamia, kisha akanigeukia bila lile tabasamu.

"Wakinichukua hata siku mbili tu, huyu atakaa na nani? Dawa yake ya jioni haimezi mpaka umshike kidevu na kumwimbia. Nani anajua huko kwenu Bungeni? Waziri?"

"Kutakuwa na mwanasheria."

"Mwanasheria anaimba?"

Akaishika tena pasi.

"Jina langu lisitajwe, ng'o. Mwambie mheshimiwa wako hivyo. Sasa kula au nenda, maana nina kazi saa kumi na mbili asubuhi."

Sikula. Nilimpigia Kiberiti simu nikiwa njiani. Alisema, "Sawa," akakata.

Asubuhi saa tatu alisimama. Alikuwa ameweka viganja vyote viwili juu ya meza, kama mtu aliye ndani ya chombo kinachoyumba.

"Mheshimiwa Spika, naiondoa kauli yangu."

Waziri akanyoosha mkono. Kuondoa hakutoshi, alisema. Wananchi wamesikia redioni, na wasikie redioni kwamba walidanganywa. Spika akakubaliana naye. "Mheshimiwa, sema kwamba haikuwa kweli, na kwamba hakuna mama huyo."

Kiberiti alinitazama kule juu. Sijui alikuwa anatafuta nini kwangu. Mimi niliinamisha macho.

"Kauli yangu haikuwa kweli," akasema. "Hakuna mama huyo."

Meza zikapigwa mpaka maji yakamwagika kwenye glasi. Spika akatamka kwamba hoja ya posho, kwa kuwa imejengwa juu ya uongo, nayo imefungwa kwa mkutano huo, wakaendelea na habari za mizani ya malori.

Naona aibu kueleza nilivyojisikia, lakini nitaeleza. Nilisikia nafuu. Kiberiti amedhalilika, wale walezi wengine wa Ijumaa wamepoteza hoja yao, lakini dada yangu yuko salama, na mimi ndiye niliyemwokoa baada ya kumponza. Nikapanda basi kwenda kumpa habari njema mwenyewe.

Nilimkuta ndiyo kwanza amerudi kazini, hajavua hata viatu. Mpwa wangu alikuwa amemlalia mapajani. Nikaanza, "Dada, mambo yamekwisha," akaniinulia kiganja.

"Nimesikia. Kule chumba cha kufulia tuna redio. Tulikuwa sita, tunakunja mashuka."

"Basi si umesikia? Jina halikutajwa."

"Wenzangu walicheka," akasema. "Mmoja akasema, wanasiasa waongo hawa, eti mama amfungie mwanawe kama mbuzi, nani ana roho hiyo? Wakacheka. Na mimi nikacheka nao."

Alisema hivyo akimpapasa kijana nywele. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakujishughulisha kuyafuta.

"Ilikuwa ama vile ama polisi, dada. Wewe mwenyewe ulisema."

"Nilisema jina langu lisitajwe. Sikumtuma mtu akaseme mimi sipo."

Nikakaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikuwa nimekiandika kitanda cha mwenzangu nusu ukurasa, kisha nikakubali kifutwe. Nilimwomba radhi. Niliomba kwa kuchapia. Akaniacha nimalize.

"Mtu wa kawaida kama mimi," akauliza, "akitaka kusema mwenyewe huko Bungeni, anafanyaje?"

Nikamweleza kwamba kuna ombi la mwananchi. Liwe na jina kamili, anwani na saini. Mbunge yeyote anaweza kuliwasilisha, nalo husomwa mbele ya ukumbi wote, na waziri hulazimika kulijibu kwa maandishi. Nikaongeza haraka kwamba ni hatari, kwamba afikirie, kwamba Kiberiti mwenyewe angemshauri asubiri.

"Toa kalamu."

"Dada, na polisi?"

"Waje. Watanikuta hapa na mwanangu." Akamwinua kijana kichwa polepole, akavua viatu, akavisukuma chini ya kiti. "Tangu posho ikatike, watakuwa watu wa kwanza wa serikali kuingia nyumba hii. Nitawatolea viti."

Nikatoa kalamu na karatasi. Nikaandika jina lake, la baba yetu na la babu yetu, kisha nikamsomea kila neno kabla hajatia saini.