Mizani ya Mikebe ya Sardini

Nani alisema wivu ni wa wanawake wanaogombea mume tu? Apolline, aliyekuwa amefundisha miaka kumi na minne pale mtaani Kadutu, wivu wake ulianzia kwenye mikebe ya sardini.

Binti yake Bibiane, mwenye miaka sita, aliwekwa darasa la jirani, kwa Colombe, msichana aliyeanza kazi juzi tu. (Majina ya ubatizo kama haya serikali ilikuwa imeyakataza kwenye rejista, lakini midomoni mwa watu yalibaki.) Colombe hakuwa na hata kitabu kimoja cha sayansi. Alifunga mikebe miwili kwa kamba kwenye kijiti, ikawa mizani. Akajaza besani maji, watoto wakatia vifuniko vya chupa, maharagwe na misumari, waone nini kinaelea na nini kinazama. Tangu hapo Bibiane akirudi nyumbani, ni Colombe, Colombe tu.

“Maman, unajua muti mukubwa unaelea, na musumari mudogo unazama? Mwalimu Colombe anajua byote!”

“Na miye sijui kitu?”

“Weye unajua kuimbisha alfabeti.”

Yoo! Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na haka kasichana ambako hakajazaa hata paka ndiko kanakovuna sifa! Apolline akausukuma ugali wake kando.

Jumamosi ikawa salongo, ile kazi ya usafi ya lazima, na zamu ya kusimamia ilikuwa yake. Colombe alikuwa amekwenda kijiji cha Miti kumzika shangazi yake. Apolline akachungulia darasani mwake, akaona mikebe imepangwa vizuri dirishani. Roho ikamwambia: takataka ni takataka, nani atakulaumu?

“Byote iyo mutupe mu shimo!”

Watoto wakatazamana, hakuna aliyesogea. Bibiane peke yake alitii, kwa kuwa aliyesema ni mama yake. Akaibeba ile mizani kwa mikono miwili, midomo ikimtetemeka, akaenda kuitupa, kisha akarudia mikebe mingine. Na Apolline, Mungu amsamehe, aliona raha.

Jumatatu, ukuta wa mbao kati ya madarasa mawili ulimpitishia Apolline kila neno.

“Nani alitupa vyombo vyetu?” Colombe akauliza.

Ikaja sauti ya Bibiane, mtoto wa Apolline mwenyewe: “Ni miye, mwalimu. Maman hakunituma.”

Chaki ikamvunjikia Apolline mkononi. Mtoto wa miaka sita anadanganya ili kumfunika mama yake! Akangoja kusikia fimbo. Fimbo haikulia.

“Basi twende tukaokote,” Colombe akasema, na darasa zima likatoka likicheka.

Apolline akawaacha wanafunzi wake, akakimbilia shimoni. Safari hii alitaka kusema kweli: ni mimi, ni wivu wangu, nisameheni. Alimkuta Bibiane amepiga magoti kwenye majivu, anapangusa mkebe kwa sketi yake.

“Bibiane, mutoto wangu, lete nikusaidie.”

Mtoto akainua macho, akamwona mama yake, na haraka akauficha mkebe nyuma ya mgongo.